Kikombe cha tatu: zoezi dogo lililoishinda Algol 60

Kila anayeanza kujifunza programu hukutana na zoezi hili: una vigeu viwili, a na b, na unatakiwa kubadilishana thamani zao. Fikiria kikombe cha chai na kikombe cha uji. Bila kikombe cha tatu, huwezi. Basi tunaandika:

t = a; a = b; b = t

Wengi hudhani hadithi imeishia hapo. La hasha!

Mwaka 1960 kamati ya wataalamu wa Ulaya na Marekani ilitoa ripoti ya lugha ya Algol 60. Katika lugha hii, fanksheni ilipopewa kigeu kwa njia ya kawaida, haikuchukua thamani yake. Ilichukua jina lenyewe kama ulivyoliandika, na kulipigia hesabu upya kila lilipotajwa.

Sasa tuseme i ni 2, na katika orodha A, kisanduku A[2] kina 5. Unaita badilisha(i, A[i]). Kwanza, t inapata 2. Pili, i inakuwa 5. Tatu, 2 inawekwa ndani ya A[i]. Lakini i sasa ni 5! Kwa hivyo 2 inaingia A[5], na A[2] inabaki na 5 yake. Hatua ni zile zile tatu, jibu si lenyewe.

Tony Hoare alipochapisha Quicksort mwaka 1961, kazi yote ilitegemea kubadilishana A[I] na A[J]. Hapo hakuna hatari, maana I na J zenyewe haziguswi.

Dennis Ritchie alipounda C mwaka 1972, fanksheni ilipewa nakala za thamani. Ukitaka kubadilishana unapitisha anwani: badilisha(&i, &A[i]). Anwani ya A[2] inajulikana kabla i haijaguswa, kwa hivyo jibu ni sahihi.

Kisha ikaja Python mwaka 1991, na mstari mtamu: a, b = b, a. Kikombe cha tatu hukioni tena. Lakini jaribu i, A[i] = A[i], i. Python huweka thamani kuanzia kushoto: i inakuwa 5 kwanza, halafu 2 inaingia A[5]. Kosa la 1960 limerudi!

Kwa hivyo mtu akikuambia zoezi hili ni la watoto, mpe i na A[i], kisha umsubiri.