Metronomu: kipima au kishika mwendo?

Kila anayejifunza kupiga ngoma kwa vidole, iwe ni dumbaki ya taarabu au vibao vya mpira vya mashine iliyounganishwa na kompyuta, hupewa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: fanya mazoezi na metronomu. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba wengi huupokea pamoja na dhana isiyo sahihi kuhusu kazi ya chombo hicho, na dhana hiyo imejificha ndani ya jina. Kwa Kigiriki metron ni kipimo, na nomos ni sheria au kanuni. Mfasiri wa Kiswahili anayetaka neno la haraka ataliingiza kwenye ukoo wa kipimajoto na kipimapembe, atapata kipimamwendo, na atadhani kazi imekwisha. Ninashikilia kwamba haijaisha. Metronomu iliyo mbele ya mwanafunzi haipimi chochote. Inashika mwendo, na kazi ya kupima inabaki mikononi, au tuseme masikioni, mwa mpigaji mwenyewe. Asiyelijua hilo anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima huku mlio ukiendelea pembeni na mkono wake ukibaki vilevile.

Istilahi zinazozunguka neno hili zinahitaji kutenganishwa kwanza, kwa sababu huchanganywa sana. Mwendo ni kasi ya mapigo, nao huhesabiwa kwa idadi ya mapigo kwa dakika: mwendo wa 60 hutoa pigo moja kila sekunde, wa 120 hutoa pigo kila nusu sekunde. Mdundo ni mpangilio unaojengwa ndani ya mwendo huo, yaani mapigo mazito na mepesi, ya karibu na ya mbali, pamoja na kimya kilicho kati yake. Jambo la tatu ni uwezo wa kuliweka kila pigo mahali pake, na hili vijana wa studio wanalieleza vizuri kuliko vitabu: husema fulani amekaa kwenye biti, au ametoka nje ya biti. Anayetangulia anakimbia, anayebaki nyuma anachelewa. Metronomu inahusika moja kwa moja na la kwanza tu. Mdundo haiujui kabisa. Kuhusu kukaa kwenye biti, inatoa alama ya kulinganishia, lakini hukumu haitoi.

Tazama jinsi kipimajoto kinavyofanya kazi. Kinaingia mwilini mwa mgonjwa bila kujua lolote, kisha kinabadilika kumfuata yeye, na namba inayosomwa ni habari kuhusu mgonjwa. Metronomu haimfuati mtu. Ukiiweka kwenye 90 itagonga 90, uwe umelala, umekosea au umeondoka chumbani. Ni kweli kwamba kuna wakati iliwahi kupima. Dietrich Nikolaus Winkel alibuni pendulo yake yenye uzito pande mbili za mhimili huko Amsterdam mwaka 1814. Johann Maelzel aliichukua rai hiyo, akaongeza kipande chenye namba na akaisajili kama hataza mwaka 1815. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha namba za mwendo wa simfoni zake nane. Mtunzi kama yeye alikuwa na mwendo kichwani, akasogeza uzito juu na chini ya ufito mpaka mlio ulingane na alichokisikia, kisha akasoma namba. Huko ni kupima kwa maana kamili, na jina la Kigiriki lilimfaa. Mwanafunzi hufanya kinyume: anaanza na namba na kuutafuta mwendo. Chombo ni kilekile, ila matumizi yamegeuzwa, na tafsiri inayofuata matumizi ya kwanza humpotosha mtumiaji wa pili.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili umetoka kwa wanasaikolojia, ambao kwa zaidi ya karne moja wamewaketisha watu mbele ya mlio wa mfululizo na kuwaambia wagonge kidole pamoja nao. Matokeo yanayojirudia ni kwamba watu wengi hugonga kabla ya mlio, wakitangulia kwa makumi ya milisekunde, ilhali wao wenyewe wanahisi wamegonga sawasawa kabisa. Wanamuziki waliofunzwa hutangulia kwa kiasi kidogo kuliko hicho, yaani kosa lao ni dogo, lakini mara nyingi halitoweki. Kama metronomu ingekuwa kipimo, kosa hilo lingejulikana papo hapo na lingerekebishwa siku ya kwanza. Halijulikani kwa sababu mlio na hisia ya mpigaji vimeungana kichwani mwake. Mwaka 1886 L. T. Stevens alichapisha katika jarida la Mind jaribio lenye hila nzuri zaidi: mtu anagonga pamoja na mlio kwa muda, mlio unakatwa, naye anaendelea peke yake. Hapo ndipo mwendo wa ndani ya mtu unapoonekana, kwa sababu hakuna cha kuuegemea. Mwaka 1973 Alan Wing na Alfred Kristofferson walionyesha kwamba kuyumba kwa mgongaji kunaweza kugawanywa sehemu mbili, moja ya saa iliyo kichwani na nyingine ya ucheleweshaji wa mkono katika kutekeleza amri. Kwa mpiga ngoma wa vidole sehemu hiyo ya pili ni nzito, kwa kuwa vidole havilingani. Kano zinazokinyanyua kidole cha pete zimefungamana na za jirani zake mgongoni mwa kiganja, na ndiyo maana kidole hicho hakiinuki kwa uhuru kilionao kidole cha shahada. Mtu anaweza kuwa na saa nzuri kichwani na bado pigo la kidole cha pete likafika limechelewa kila mara.

Kuna anayeweza kupinga akisema kwamba mafundi wa pwani hawakuwahi kuwa na metronomu, na hakuna aliyewahi kuwaambia wametoka nje ya biti. Pingamizi hili lina nguvu, na ukilichunguza linaunga mkono neno kishika mwendo. Chukua kidumbaki cha Zanzibar, ambacho ni upigaji wa vidole na viganja hasa. Kuna vidumbaki viwili, kuna fidla, kuna sanduku lenye uzi linalotoa sauti nzito, na pembeni kuna cherewa na mkwasa. Mkwasa ni vijiti vifupi vinavyogonganishwa, cherewa ni vifuu vyenye mbegu ndani yake. Mpigaji wa vyombo hivi viwili hasifiwi kwa madoido, wala msikilizaji wa kawaida hamtazami sana, lakini mpiga kidumbaki anaweza kwenda mbali na kurudi kwa sababu yule wa pembeni hakuhama. Hapimi mtu yeyote. Anashika. Katika mdundiko wa Wazaramo unaotembea mitaani, miguu ya wachezaji nayo huwa sehemu ya kushika huko. Mafundi wa pwani kwa hiyo walikuwa na kishika mwendo siku zote, ila kilikuwa mtu.

Kilichobadilika ni upweke wa mpigaji. Kijana wa Kaole, kijiji chenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, anaweza leo kupakua programu ya ngoma kwenye simu na kupiga sehemu zote za kikundi kwa mikono miwili: gumba la kushoto ngoma nzito, vidole vya kulia kijiti na manyanga. Mpangilio wa vibao 16, vinne kwa vinne, aliurithi kutoka mashine ya MPC60 ambayo Roger Linn aliitengeneza na Akai mwaka 1988. Amebeba kikundi kizima, lakini yule wa mkwasa hayupo. Metronomu inakaa kwenye kiti hicho kilicho wazi, na ukiiona hivyo unajua mara moja jinsi ya kufanya nayo kazi: mwenye mkwasa humkimbilii wala humsubiri, unapiga naye na kumsikiliza.

Mazoezi hubadilika kutokana na hilo. Anayeamini kuwa ana kipimo mkononi huweka mlio mkubwa, huupandisha kutoka 80 hadi 140 ndani ya dakika chache, na hufurahi kwamba amefika. Anayejua kwamba anafanya kazi na kishika mwendo huanza chini, 60 au hata 50, kwa kuwa hapo nafasi kati ya mapigo ni pana na ndipo mtu anapokimbia. Anapiga pigo moja kwa kila mlio kwa kidole kimoja kimoja, cha pete kikipewa muda mrefu kuliko vingine, mpaka mlio umezwe na pigo lake asiusikie tena. Kisha anagawa nafasi hiyohiyo kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, bila kugusa namba. Kugawa kwa tatu kusirukwe kamwe katika pwani hii, maana ngoma nyingi za kwetu zinaishi hapo ambapo mbili na tatu zinakutana, na mwanafunzi aliyelelewa na programu zinazogawa kwa nne tu atajikuta mgeni kwenye ngoma ya kijiji chake. Baada ya hapo anaanza kuupunguza msaada. Mdundo wa mwendo wa 80 unaweza kupigwa na mlio wa 40, halafu wa 20, ambapo kati ya mlio na mlio kuna sekunde 3 nzima. Katika umbali huo akili haiwezi kungoja tu. Inalazimika kugawa yenyewe. Mwisho anafanya alichofanya Stevens: mlio kwa mizunguko minne, kimya kwa minne, kisha anangoja kusikia kama watakutana.

Kipimo chenyewe kinatoka wapi, basi? Kwenye kurekodi. Simu ileile inayogonga inaweza kurekodi, na anayejisikiliza kesho yake, akili ikiwa imetulia na mikono haifanyi kitu, husikia kukimbia ambako jana hakukuhisi. Lakini vifaa navyo viangaliwe. Kompyuta inayopokea sauti kwa vifungu vya sampuli 512, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, huchelewesha kila kifungu kwa karibu milisekunde 12. Ukipunguza hadi sampuli 256 unabaki chini ya 6. Spika na vipokea sauti visivyo na waya huongeza zaidi ya hapo. Mwanafunzi anayefanya mazoezi kupitia spika ya bluetooth anaweza kujifunza kwa bidii kupiga mapema ili kufidia kifaa, kisha akahamia kwenye ngoma ya ngozi akashangaa.

Pingamizi jingine ni zito kuliko lile la mafundi wa zamani: kwamba metronomu hukausha ngoma, humfanya mtu apige kama mashine. Wanaosema hivyo wamesikia kitu cha kweli. Wamesikia rekodi ambazo kompyuta imeyasogeza mapigo yote hadi kwenye mistari, na hizo ni kavu kweli. Hata hivyo kusogezwa huko si kazi ya metronomu. Linn mwenyewe aliweka kwenye mashine zake uwezo wa kuchelewesha kila pigo la pili kwa kiasi cha kuchaguliwa, ili mdundo uyumbe kwa namna inayopendeza mwili. Jambo la kuzingatia ni kwamba kuchelewa huko hakuna maana bila kitu ambacho hakichelewi. Mpiga dumbaki anayeliangusha pigo nyuma kidogo ya biti, makusudi, anaweza kulirudia kesho na keshokutwa kwa kuwa anajua biti iko wapi. Asiyejua naye huchelewa, ila hawezi kulirudia alilofanya.

Wasomaji wa lugha watauliza kwa nini tusubiri neno jipya wakati metronomu limeshaingia na studio zina kliki. Sioni haja ya kulifukuza. Gitaa na fidla yamekaa kwetu bila kuhitaji tafsiri, na metronomu lina sauti ya Kiswahili tayari. Ninachokitetea ni maelezo yanayoliandama katika kamusi na darasani: liitwe metronomu, lielezwe kuwa ni chombo kinachoshika mwendo kwa mlio wa kujirudia, na kipimamwendo liachwe kwa vyombo vinavyobadilika kumfuata anayepimwa, kama kile cha kwenye dashibodi ya gari.

Kuna mahali ambapo hata kishika mwendo hiki kinakoma. Ngoma ya pwani haibaki kwenye namba moja usiku kucha. Hupandishwa, wachezaji na wapigaji wakivutana mpaka mwendo wa mwisho haufanani na wa kwanza. Singeli ya Dar es Salaam, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika bila shida, imeiachia kompyuta kasi hiyo, lakini kupanda kwa pamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake, hakuna programu inayokufundisha. Programu inaweza kuongeza namba kidogo kidogo, ila haiwezi kuona bega la mchezaji likibadilika. Hilo linajifunzwa kati ya watu, na Bagamoyo ina bahati ya kuwa na mahali pake: chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, kinachoitwa TaSUBa tangu 2007, ambapo ngoma hufundishwa kwa wapigaji kusimama pamoja. Kijana wa Kaole aliyefanya mazoezi ya mlio wa 20 peke yake kwa miezi kadhaa atafika pale akiwa na saa yake kichwani, tayari kuombwa aishike cherewa kwanza kabla ya kukabidhiwa ngoma.