Jumba la magwiji wa kandanda: Majina ya Kilifi na Malindi yatatoka wapi?

MJI wa Malindi haukosi kumbukumbu. Ufukweni imesimama nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyetia nanga huko mnamo 1498. Mjini kuna sanamu ya Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka wa 1913 na 1914.

Lakini anayetaka kujua ni akina nani waliowahi kusakata kabumbu na kuwasisimua mashabiki katika uwanja wa Alaskan mjini humo hana budi kuwatafuta wazee na kuwasikiliza. Hali ni iyo hiyo mjini Kilifi, ambako uwanja mkuu umepewa jina la mwanasiasa, marehemu Emmanuel Karisa Maitha, aliyefariki mwaka wa 2004 akiwa waziri.

Ndiyo maana mjadala kuhusu jumba la taifa la magwiji wa kandanda unawahusu sana wakazi wa Pwani. Jumba la aina hiyo hujengwa kwa majina yaliyothibitishwa kabla ya kujengwa kwa mawe na saruji. Eneo lisilo na kumbukumbu zilizoandikwa halitakuwa na mtu wa kupendekeza.

Maana na chimbuko

Jumba la magwiji ni orodha rasmi ya watu walioutumikia mchezo kwa namna ya kupigiwa mfano. Mara nyingi huambatana na makumbusho yanayohifadhi jezi, picha, medali na kanda za sauti. Walioteuliwa hawaondolewi hata wakifa, na wengine huteuliwa miaka mingi baada ya kufa kwao.

Uingereza ilizindua orodha yake mwaka wa 2002 katika makumbusho ya taifa ya soka yaliyokuwa mjini Preston, na ambayo yalihamishiwa Manchester mwaka wa 2012. Miongoni mwa walioingia mwanzoni ni Stanley Matthews, Bobby Charlton, George Best na Bobby Moore. Aliingia pia Lily Parr, mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo. Parr alicheza wakati ambapo chama cha soka cha nchi hiyo kiliwapiga marufuku wanawake kutumia viwanja vya wanachama wake. Marufuku hayo yalitolewa mwaka wa 1921 na yakadumu kwa karibu miaka 50.

Italia, ambayo raia wake wengi wamefanya makazi Malindi, ilianzisha orodha yake mwaka wa 2011. Waliotangulia kuingia ni pamoja na Roberto Baggio, Gigi Riva, Mfaransa Michel Platini na makocha Arrigo Sacchi na Marcello Lippi. Waitaliano walitenga nafasi mbalimbali: mchezaji wa nyumbani, mchezaji wa kigeni, kocha, refa, msimamizi na waliofariki. Mpangilio huo una funzo. Mchezo hauendeshwi na wafungaji wa mabao peke yao.

Heshima nchini Kenya

Nchini Kenya heshima kwa wanakandanda zimetolewa kwa njia zilizotawanyika. Katiba ya 2010 iliifanya Oktoba 20 kuwa Siku ya Mashujaa, nayo Sheria ya Mashujaa wa Kenya ya 2014 ikaunda Baraza la Kitaifa la Mashujaa. Wanamichezo nao hutambuliwa kupitia utaratibu huo. Tuzo za SOYA, zilizoasisiwa na mwanariadha Paul Tergat mwaka wa 2004, pia hutenga nafasi ya magwiji wa michezo.

Mwanakandanda anayetajwa kwanza kila orodha inapoandaliwa ni Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019. Jina lake lilienea nchini kupitia utangazaji wa redio wa Leonard Mambo Mbotela, na maneno "Kadenge na mpira" yakawa msemo wa watu wote, hata wasiowahi kumwona akicheza. Mbotela naye alifariki Februari 2025.

Baada ya Kadenge hutajwa kikosi cha Harambee Stars kilichofuzu kwa mara ya kwanza kwa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, nchini Cameroon mwaka wa 1972. Kenya ilishindwa 2-1 na wenyeji, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Mali na vilevile na Togo. Hutajwa pia Gor Mahia ya nahodha Austin Oduor na mfungaji Peter Dawo, iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987 kwa kuiondoa Esperance ya Tunisia kwa faida ya mabao ya ugenini, baada ya sare za 2-2 mjini Tunis na 1-1 jijini Nairobi.

Kizazi cha baadaye kinawakilishwa na Dennis Oliech, aliyefunga bao Kenya ilipoicharaza Burkina Faso 3-0 mwaka wa 2004 na kupata ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo. Yumo pia McDonald Mariga, aliyejiunga na Inter Milan mnamo Januari 2010, msimu ambao klabu hiyo ilinyakua Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Mchango wa Pwani

Pwani haikuwa mtazamaji. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka wa 1965. Kutoka Pwani walitokea Ali Kajo na Ahmed Breik, ambao waliichezea timu ya taifa. Mlinda lango Mahmoud Abbas, aliyebandikwa jina la "Kenya One", alikuwa nguzo ya kikosi kilichotwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo: 1981 jijini Dar es Salaam, 1982 jijini Kampala kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Uganda, na 1983 jijini Nairobi. Kocha Mohammed Kheri aliiongoza Harambee Stars katika fainali za Algeria mwaka wa 1990.

Yote haya huandikwa kwa jina la Mombasa. Huko ndiko kulikokuwa na bandari, kazi na klabu kubwa, na kijana wa Kilifi, Kaloleni au Malindi aliyejaliwa kipaji alilazimika kuelekea kusini. Akisajiliwa huko, alihesabiwa kuwa mchezaji wa Mombasa.

Ugumu wa pili ni wa majina yenyewe. Kwa desturi ya Wagiriama, mtoto hupewa jina la babu yake na kufuatishiwa jina la baba. Hivyo Karisa Charo humzaa Charo Karisa, naye Charo Karisa humzaa Karisa Charo mwingine. Orodha ya timu yenye majina mawili tu, bila kijiji wala mwaka wa kuzaliwa, haiwezi kumtenga babu na mjukuu. Kwa majina ya Kiislamu, tahajia hubadilika kutoka gazeti moja hadi jingine. Juu ya hayo, wachezaji wengi walijulikana kwa majina ya uwanjani ambayo hayakuandikwa katika cheti chochote.

Kamati ya uteuzi inayodai ushahidi haiwezi kumpitisha mtu ambaye haijulikani kwa hakika yeye ni nani.

Wasichana wa Kilifi

Sura iliyohifadhiwa vyema zaidi katika kandanda ya Kilifi ni ya wasichana. Mwaka wa 2001 lilianzishwa mjini humo shirika la Moving the Goalposts, linalotumia kandanda kuwapa wasichana elimu ya afya, uongozi na kujiamini. Wasichana wenyewe hufunzwa ukocha na urefa na huendesha ligi zao. Mwasisi wake, Sarah Forde, alichapisha kitabu kuhusu maisha ya wachezaji hao mwaka wa 2008. Mtafiti wa kesho atakuwa na pa kuanzia.

Katika ngazi ya taifa, Esse Mbeyu Akida ndiye aliyeifungia Harambee Starlets bao lake la kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake, dhidi ya Ghana mwaka wa 2016 nchini Cameroon. Kenya ilishindwa 3-1, lakini bao hilo halifutiki. Akida baadaye alisakata soka ya kulipwa Israel, Uturuki na Ugiriki. Jumba lolote la taifa litakalomwacha nje litakuwa na kazi ya kujieleza.

Kazi inayowezekana sasa

Kilifi haihitaji kungoja Nairobi ijenge jumba. Serikali ya kaunti, matawi ya shirikisho na shule zinaweza kuanzisha daftari la wanakandanda, makocha, marefa na wasimamizi. Kila mtu aandikwe jina kamili, jina la uwanjani, kijiji, ukoo, klabu na miaka aliyocheza. Picha za familia zinaweza kunakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe. Magazeti ya zamani kama vile Mombasa Times, Baraza na Taifa Leo yachunguzwe ili kuthibitisha yanayosimuliwa. Makumbusho ya Malindi yangefaa kuwa mahali pa kuweka nakala na kufanya maonyesho.

Kenya, Tanzania na Uganda zilipokabidhiwa uenyeji wa fainali za Afrika za 2027, wengi walizungumzia viwanja, barabara na hoteli. Wachache walitaja waliocheza bila malipo kabla ya viwanja hivyo kuwapo.

Mchezaji aliyekuwa na umri wa miaka 20 Feisal ilipotwaa ubingwa alitimiza miaka 80 mwaka wa 2025. Wenzake aliocheza nao wangali wanaweza kumtambua katika picha na kutaja jina lake la nyumbani. Daftari likingoja miaka 10 zaidi, picha zitabaki, lakini wa kuzitia majina hawatakuwapo.