Hesabu Mbili za Benki Moja



Katika nchi jirani ya Kenya, mwaka 2016, benki moja ilitoa hesabu mbili za mwaka uleule. Benki hiyo ni Chase ya Nairobi. Hesabu za pili za mwaka 2015 zilionyesha hasara ya shilingi milioni 742, na mikopo ya zaidi ya shilingi bilioni 13 mikononi mwa wakubwa wa benki na washirika wao. Katika hesabu za kwanza mikopo hiyo ilikuwa imeandikwa pungufu kwa mabilioni.

Mkopo wa mkubwa wa benki huweza kuhesabiwa kuwa mali hata kama haulipwi. Riba yake huandikwa kuwa pato, faida ikapanda, ilhali sandukuni hamna kitu. Ni sawa na leja ya ghala la silaha isemayo risasi zimejaa, kumbe makasha ni matupu. Siri hiyo hudumu mradi hapana vita.

Vita vilikuja upesi. Mwaka 2015 Wakenya walikuwa wamekwisha kuona Dubai Bank na Imperial zikifungwa. Basi wenye akiba wakakimbilia fedha zao. Tarehe 7 Aprili 2016 Benki Kuu iliifunga Chase. Ilipofunguliwa tarehe 27, mwenye akiba aliruhusiwa kutoa hadi shilingi milioni 1. Waliokuwa na zaidi wakangoja. Walingoja miaka miwili. Mwaka 2018 benki ya SBM ya Mauritius ilichukua asilimia 75 ya akiba zilizozuiliwa. Asilimia 25 ilibaki nyuma, na Aprili 2021 Benki Kuu ikaamuru Chase ifilisiwe.