Chini ya Nyumba ya Dada

Kiangazi cha mwaka 1971, wanamuziki kadhaa walishuka na ala zao hadi chumba cha chini ya ardhi katika jumba la zamani liitwalo Downings, karibu na kijiji cha Prosperous, Kaunti ya Kildare, Ireland. Jumba lilikuwa la dada wa mmoja wao na mumewe. Mwenye shughuli alikuwa Christy Moore, mwimbaji wa miaka 26, aliyekuja kurekodi albamu yake ya pili. Hapakuwa na studio. Palikuwa na mashine ya kurekodi aina ya Revox, fundi mmoja mwenye sikio kali, na watu waliojuana.

Albamu ilipotoka mwaka 1972 ilipewa jina la kijiji chenyewe, Prosperous. Ukimuuliza mpenzi wa muziki wa asili wa Ireland zama zake mpya zilianzia wapi, kuna uwezekano mkubwa akakupeleka kwenye chumba hicho.

Kijiji hicho kina hadithi yake. Kiko kiasi cha kilomita 40 magharibi mwa Dublin, kando ya Kinamasi cha Allen, ambako kwa karne nyingi wenyeji wamekata mboji, wakaianika na kuiwashia moto siku za baridi. Mwanzilishi wake, Robert Brooke, alikuwa ofisa katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki. Aliporudi kutoka India na mali zake, karibu mwaka 1780, alijenga viwanda vya pamba mahali hapo na kupapa jina lenye maana ya neema. Neema haikukaa. Kufikia 1786 Brooke alikuwa amefilisika, na muda si mrefu akapelekwa kuwa gavana wa kisiwa cha St Helena. Kisha likaja vuguvugu la 1798, Waireland walipoinuka dhidi ya utawala wa Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Mei waasi waliivamia kambi ya askari ya Prosperous, wakaichoma moto na kumuua kamanda wake, Kapteni Swayne. Kiongozi wao, daktari John Esmonde, alinyongwa Dublin mwezi uliofuata.

Uasi wa mwaka ule ulizaa nyimbo nyingi mno kote Ireland. Katika nchi ambayo walioshindwa hawakupata nafasi ya kuandika vitabu vya shule, wimbo ulibaki kuwa daftari lao. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Kildare na kupenda kuimba hakukosa hazina ya kuchota. Alichokosa Christy Moore mwanzoni ni watu wa kuchota pamoja nao.

Moore alizaliwa tarehe 7 Mei 1945 katika mji wa Newbridge, kando ya Mto Liffey, si mbali na Prosperous. Alipokuwa kijana aliwasikia Clancy Brothers, ndugu kutoka Kaunti ya Tipperary waliohamia New York, ambao waliziimba nyimbo za kwao jukwaani kwa sauti ya juu na bila haya. Jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Vijana wengi wa Ireland wa miaka ile walizipenda bendi za dansi zilizopiga nyimbo za Marekani na Uingereza, na nyimbo za mababu zilionekana kuwa mambo ya wazee wa shamba. Moore alizishika. Rafiki yake wa Newbridge, Dónal Lunny, alimfundisha gitaa, na wawili hao wakaanza kupiga pamoja wakiwa bado vijana wadogo.

Lakini muziki haukuwa kazi ya kutegemea, na Moore akawa karani wa benki. Mwaka 1966 wafanyakazi wa benki wa Ireland waligoma. Yeye akavuka bahari kwenda Uingereza, na mgomo ulipokwisha hakurudi tena kaunta. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wengi: katika miaka ya 1950 pekee, Waireland zaidi ya 400,000 walihama nchi yao, wengi wakienda Uingereza kujenga barabara, kuhudumu hospitalini na kufanya kazi viwandani. Moore naye alifanya kazi za mikono huku usiku akiimba katika klabu za muziki wa asili, ambazo wakati huo zilikuwa zimechipuka juu ya baa na katika vyumba vya nyuma vya miji ya Uingereza. Huko alijifunza kuimba mbele ya watu wasiomjua. Huko pia alikutana na nyimbo za wafanyakazi na za siasa ambazo zingemfuata maisha yake yote.

Albamu ya kwanza, Paddy on the Road, ilirekodiwa London na kutoka mwaka 1969. Mtayarishaji alikuwa Dominic Behan, mtunzi wa Dublin na ndugu wa mwandishi Brendan Behan. Zilichapishwa nakala 500 tu, na leo santuri hiyo huwindwa na wakusanyaji kama johari. Wapigaji walikuwa mafundi wa studio za London, watu wenye ujuzi, lakini muziki ule haukuwa wa kwao. Moore alimaliza kazi akiwa na shauku moja: atakaporekodi tena, arekodi na wanamuziki waliokulia ndani ya nyimbo hizo.

Ndipo akarudi Kildare.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Lunny, mwenzake wa tangu ujana. Wa pili alikuwa Liam O'Flynn, kijana wa kijiji cha Kill, Kildare hiyohiyo, aliyejifunza zumari la mfuko kwa mwalimu mashuhuri Leo Rowsome. Zumari hilo huitwa uilleann, jina lenye asili katika neno la Kiirishi la kiwiko, kwa kuwa mpigaji halilizi kwa pumzi za kinywa. Hukaa kitako, akabana kiriba kidogo kwa kiwiko kimoja kusukuma hewa, na mfuko kwa kiwiko cha pili, huku vidole vikicheza juu ya matundu. Sauti yake ni laini kuliko ya zumari la Uskoti, na inaweza kulia kama mtu. Wa tatu alikuwa Andy Irvine, mzaliwa wa London aliyejiunga na Waireland kwa mapenzi ya muziki, mpigaji wa mandolini aliyekuwa ametembea nchi za Balkani mwishoni mwa miaka ya 1960 na kurudi na midundo ya huko kichwani.

Irvine ndiye aliyempa Lunny buzuki, ala ya nyuzi ya Wagiriki yenye shingo ndefu. Buzuki ilikuwa imeingia katika muziki wa Ireland miaka michache tu kabla, kupitia Johnny Moynihan, mwenzake Irvine katika kundi la Sweeney's Men. Lunny, anayetumia mkono wa kushoto, aliigeuza na kuitafutia kazi mpya. Hakuipiga kama Wagiriki. Alishona nyuzi zake katikati ya sauti za wengine, mara akifuata wimbo, mara akiushikilia kwa chini. Leo kijana wa Ireland anaweza kudhani kwamba ala hiyo imekuwapo tangu enzi za mababu.

Chumbani walikuwamo pia Kevin Conneff na bodhrán yake, ngoma ya duara yenye ngozi ya mbuzi upande mmoja, ambayo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki angeifananisha na tari. Clive Collins na fidla. Na Dave Bland na konsatina. Nyuma ya mashine alikaa Bill Leader, Mwingereza mwenye lebo ndogo iliyoitwa Trailer. Leader hakuhitaji jengo la fahari. Miaka michache nyuma alikuwa amerekodi albamu ya kwanza ya mpiga gitaa Bert Jansch, iliyotoka mwaka 1965, ndani ya nyumba yake mwenyewe mtaani Camden, London. Alichokitafuta ni sauti ya watu wakiimba mahali wanapojisikia huru.

Nyimbo kumi na mbili za albamu zinaonyesha mizigo yote ambayo Moore alikuwa ameibeba kutoka safarini. Upo wimbo wa Spancil Hill, wa mhamiaji aliye Marekani anayeota amerudi kijijini kwao Kaunti ya Clare na kuwakuta wazee aliowaacha. Upo wimbo wa James Connolly, kiongozi wa wafanyakazi aliyepigwa risasi na Waingereza gerezani Kilmainham mwezi Mei 1916. Upo wimbo wa mwimbaji wa Marekani Woody Guthrie kuhusu mauaji ya wachimba makaa ya mawe na familia zao huko Ludlow, Colorado, mwaka 1914, na karibu yake wimbo ambao Bob Dylan alimtungia Guthrie huyohuyo. Ukizisikiliza kwa mfululizo unaona kwamba Moore hakutenganisha Ireland na dunia. Mchimba madini wa Colorado na mhamiaji wa Clare wanakaa meza moja.

Hata hivyo, wimbo uliobadilisha mambo ni ule wa kwanza. Unasimulia habari za bibi wa bwana mkubwa anayeacha kitanda cha manyoya na kuwafuata watu wahamao porini. Mumewe anapanda farasi kumtafuta, akimpata hataki kurudi. Hadithi hiyo ni ya kale na imeimbwa kwa namna nyingi Uskoti, Uingereza na Ireland. Sauti ya Moore inapofika mwisho, ala hazinyamazi. Zinageuka taratibu, zumari la O'Flynn linajitokeza, na ghafla msikilizaji yumo ndani ya muziki mwingine kabisa: Tabhair dom do lámh, yaani "Nipe mkono wako", unaohusishwa na mpiga kinubi kipofu Ruaidhrí Dall Ó Catháin, mwanzoni mwa karne ya 17. Inasimuliwa kwamba aliutunga kama wimbo wa suluhu baada ya bibi mmoja mkubwa wa Uskoti kumwamuru apige bila kujua yeye ni mtu wa ukoo bora.

Katika mgeuko huo mfupi, mito miwili iliyokuwa ikitiririka mbalimbali ilikutana. Upande mmoja kulikuwa na nyimbo za maneno, zilizoimbwa na wasafiri, vibarua na walevi wa baa. Upande wa pili kulikuwa na muziki wa ala, wenye walimu wake, adabu zake na kumbukumbu ya wapiga kinubi waliotumikia wakuu. Wengine walikwisha kuusogeza muziki wa ala mbele, akiwamo mtunzi Seán Ó Riada, na kundi la Chieftains lililoanza mwaka 1962. Lakini kuukabidhi wimbo wa barabarani kwa zumari, na zumari kuupokea kwa heshima ileile, kulihitaji watu wanne wenye masikio tofauti wakae chumba kimoja.

Mwenye wimbo huo anastahili kutajwa. Moore aliupata kwa John Reilly, fundi bati wa jamii ya Wasafiri, watu wa Ireland wahamahamao ambao wamebaguliwa kwa vizazi vingi. Reilly aliishi katika umaskini mkubwa mjini Boyle, Kaunti ya Roscommon. Kichwani mwake mlikuwa na nyimbo ambazo wataalamu walidhani zimekwisha kufa midomoni mwa watu. Mtafiti Tom Munnelly alimrekodi katika miaka ya 1960. Reilly alifariki mwaka 1969, kabla hajasikia nyimbo zake zikipigwa kwenye kumbi, na santuri yenye sauti yake mwenyewe, The Bonny Green Tree, ilitoka mwaka 1978. Kila anayeisifu Prosperous ana deni kwa mtu huyo. Moore amelikiri deni hilo waziwazi, akimtaja Reilly jukwaani na katika maandishi kwa miaka mingi.

Baada ya siku zile za Downings, Moore, Lunny, Irvine na O'Flynn hawakutaka kuachana. Mwanzoni mwa 1972 walikuwa kundi, na walijiita Planxty, neno linalojulikana zaidi kupitia nyimbo ambazo Turlough O'Carolan, mpiga kinubi kipofu aliyefariki 1738, aliwatungia wafadhili wake. Albamu yao ya kwanza, ya 1973, ilifunguliwa kwa wimbo uleule wa bibi na wahamaji, ukigeuka kuwa Tabhair dom do lámh. Albamu yao ya pili, mwaka huohuo, ilibeba jina la wimbo mwingine wa John Reilly, The Well Below the Valley.

Planxty haikudumu kwa mkupuo. Lunny alitoka mapema, Moore akafuata, na kufikia 1975 kundi lilikuwa limevunjika, ingawa lilikutana tena zaidi ya mara moja. Mbegu zilikuwa zimeshamwagwa. Lunny alikwenda kuunda Bothy Band, na mwaka 1981 yeye na Moore wakaanzisha Moving Hearts, waliochanganya zumari na gitaa la umeme. Conneff, yule wa bodhrán, alijiunga na Chieftains mwaka 1976 na kuzunguka nao dunia. Moore mwenyewe alikomaa katika utunzi. Albamu yake ya 1984, Ride On, ina wimbo aliowatungia Waireland waliokwenda Hispania kupigana dhidi ya jeshi la Franco. Mwaka 2004 wale wanne wa Downings walipanda tena jukwaa moja mjini Dublin, na tikiti zikagombewa na watu waliokuwa hawajazaliwa mwaka 1971. O'Flynn alifariki mwezi Machi 2018.

Siku hizi msanii akitaka albamu ya pili hutafutiwa studio kubwa zaidi, mtayarishaji ghali zaidi na mji ulio mbali zaidi na kwao. Moore alipita njia ya kinyume, na historia imempa haki. Msomaji anayetaka kupima hukumu hiyo aitafute Prosperous, aanze na wimbo wa kwanza, na asubiri pale sauti ya mwimbaji inapokoma na zumari la O'Flynn kuupokea wimbo.