Ritani si Marejesho

Jirani yangu mmoja, fundi cherehani wa sare za shule, alisajili kampuni kwa msajili wa kampuni, BRELA, akitarajia kupata tenda. Tenda haikutoka. Cheti kikatiwa fremu na kutundikwa ukutani juu ya cherehani, naye akaendelea kushona kwa namba yake ya zamani ya mlipakodi (TIN). Siku moja akaja kwangu na simu mkononi: kampuni haijawasilisha ritani, inadaiwa adhabu.

"Mwanangu, nirejeshe nini, na kampuni haijaingiza hata shilingi?"

Swali lake lilikuwa na mantiki. Neno la Kiingereza lililozaa ritani lina maana ya kurudi, na yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikoba anajua kinachorudi ni hela. Kuna siku ya marejesho, kuna daftari la marejesho, na kuna aibu ya kukosa rejesho mbele ya wenzako. Kwenye kodi nako neno hilo lina kazi yake: marejesho ya kodi ni fedha anayorudishiwa mlipakodi, kwa mfano aliyelipa VAT zaidi ya anayodaiwa. Tungeiita fomu ya ritani marejesho, pale dirishani kwa watu wa kodi pangekuwa na kizaazaa. Mmoja amefuata hela zake, mwenzake anadaiwa fomu, na wote wawili wametaja neno lilelile.

Ritani ni taarifa. Mfanyabiashara anaiambia mamlaka ya kodi: nimeuza kiasi hiki, nimetumia kiasi hiki, faida ni hii na kodi yake ni hii. Kinachorudi ni majibu, kana kwamba serikali ilishauliza. Ndiyo maana hata asiyeuza hasameheki: sifuri nayo ni jibu. Kenya kuna ritani sifuri, na mtu binafsi mwenye PIN ya kodi asiyeipeleka kufikia 30 Juni anaweza kutozwa shilingi 2,000 hata kama hadaiwi kodi yoyote. (Wenzetu hao husema kufaili, neno ambalo kwa sikio la Mtanzania limekaa karibu mno na kufeli. Sisi tunawasilisha, mtaani tunapeleka tu.)

Ritani pia huchanganywa na makadirio. Kwa kampuni inayofuata mwaka wa kalenda, makadirio hupelekwa kufikia 31 Machi, nayo ni ubashiri wa mwaka ulioanza, kodi yake ikilipwa kwa awamu nne. Ritani ya mwisho hufuata baadaye, kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata, na humo hakuna kubashiri tena. Halafu BRELA nao wana yao, ya wakurugenzi, hisa na anuani. Kwa Kiingereza ni neno hilohilo, ila wao wameliita taarifa ya mwaka. Ofisi mbili, neno moja, tafsiri mbili.

Ningeulizwa mimi tuiiteje ritani kwa Kiswahili, ningechagua tamko la mapato. Wafaransa wanaiita tamko. Waarabu wanatumia neno lenye mzizi mmoja na kukiri kwetu, na hilo linagusa kiini chenyewe, kwamba mtu anakiri hesabu zake kwa mdomo wake kabla hajahojiwa. Lakini nimeshaona tamko likiwa la waziri, la chama, la maaskofu. Ritani haina ukoo wowote katika Kiswahili, na kwa hilo haimpotezi mtu. Imeingia kama zilivyoingia risiti na leseni, ikakaa. Fundi wangu alipotea pale tu alipoifasiri.

Tukakaa kwenye kompyuta ya mwanawe. Mauzo, sifuri. Manunuzi, sifuri. Mishahara, sifuri. Adhabu ya nyuma ilibaki palepale, ikabidi aiandikie barua. Alipoona ujumbe kwamba ritani imepokelewa, akavua miwani na kunitazama.

"Sasa hizo sifuri wanazipeleka wapi?"