Viwanja vya mbio vilivyomezwa na jiji

Msikilizaji, huenda umewahi kuiona sinema ya Kimarekani ya mwaka 1990 iitwayo Pretty Woman, maana ilizunguka sana kwenye vibanda vya video huku kwetu. Hoteli ya kifahari anayofikia yule tajiri ni Beverly Wilshire, iliyoko Beverly Hills, ubavuni mwa jiji la Los Angeles. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1928. Mahali iliposimama, miaka minne tu kabla ya hapo, palikuwa na kiwanja cha mbio za magari kilichotengenezwa kwa mbao.

Nasema mbao, na sikukosea. Mbao nyembamba zilipangwa kwa ubavu, moja kando ya nyingine, zikapigwa misumari mpaka zikafanya mzunguko wa kilomita mbili wenye kona zilizoinuliwa kama kuta za bakuli. Kilifunguliwa Februari 1920, na siku ya kwanza tu mshindi, Jimmy Murphy, alikwenda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Fikiria mwendo huo katika gari lisilo na mkanda wala paa, juu ya sakafu ambayo jua na mvua vinaipasua kila siku, na vibanzi vinaruka usoni.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, Gaston Chevrolet, mdogo wa wale ndugu ambao jina lao limeandikwa kwenye magari mpaka leo, aliuawa papo hapo kiwanjani. Miezi sita tu kabla alikuwa ameshinda zile mbio kubwa za Indianapolis. Dereva mwingine aliyegongana naye, Eddie O'Donnell, alikufa pia.

Kifo cha Chevrolet hakikukifunga kiwanja hicho. Kilichokifunga ni hesabu nyingine. Mwaka 1920 Los Angeles ilikuwa na watu wapatao 577,000. Mwaka 1930 walikuwa wamezidi milioni 1.2. Watu hao wote walitaka mahali pa kulala, na ardhi iliyokuwa mashamba ya maharagwe ikawa dhahabu. Mwaka 1924 mbao zikang'olewa.

Najua nitaulizwa: mambo ya Los Angeles yanatuhusu nini? Sisi mbio za magari tunazijua kwa Safari Rali, iliyoanza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mtu husimama kando ya barabara bila kiingilio, hula vumbi lake, gari likapita akarudi shambani. Mbio za namna hiyo hazina kiwanja, kwa hiyo hakuna wa kuzinyang'anya kiwanja. Lakini habari ya kiwanja cha mchezo kilicholala kikiwa cha watu na kuamka kimezungushiwa mabati, hiyo haituhitajii mkalimani, awe msikilizaji wa Nairobi au wa Dar es Salaam. Na sidhani kama kuna jiji jingine duniani lililojenga viwanja vingi vya mbio na kuvizika vingi kama Los Angeles.

Hata wao walianza barabarani kama sisi. Kuanzia mwaka 1909 magari yalishindana katika barabara za mji wa Santa Monica, kando ya bahari, na watu kwa maelfu wamejipanga pembezoni. Mwaka 1910 ndipo kilipojengwa kiwanja cha kwanza cha mbao kwa ajili ya magari, pale Playa del Rey, mviringo kamili kama sahani. Kiliungua moto mwaka 1913. Kile cha Beverly Hills kilipovunjwa, kingine kikajengwa Culver City, nacho kikadumu kama miaka mitatu tu. Mbao huoza, na madalali wa viwanja hawalali.

Kiwanja ninachotaka tukae nacho kidogo ni kile cha Ascot, upande wa mashariki ya jiji, kwenye vilima vya Lincoln Heights. Hicho kilikuwa cha udongo, mzunguko wa kilomita moja, na kilifanya kazi tangu mwaka 1924 hadi 1936. Kwa muda mrefu kilisimamiwa na chama cha askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo maana wengi hukiita Legion Ascot. Mbio zilikuwa za usiku, chini ya taa za umeme, siku za Jumatano. Waigizaji wa Hollywood walikaa jukwaani pamoja na wauza mafuta na mafundi wa gereji.

Kiwanja kile kiliua. Madereva waliokufa pale walizidi 20. Nimesoma watu wanaokikumbuka Ascot kwa machozi ya mapenzi, na siwalaumu, lakini hesabu hiyo haiwezi kufunikwa kwa sifa. Huo ulikuwa wakati wa ile dhiki kubwa ya uchumi ya miaka ya 1930. Kijana asiye na kazi aliweza kuunganisha gari kutokana na vipuri vya gari bovu, akaenda Ascot kutafuta zawadi ya usiku mmoja iliyozidi mshahara wa mwezi. Kwa hiyo wakati mwingine waliokufa walikuwa watu wenye njaa, na magazeti ya jiji yalikuwa na haki ya kupiga kelele. Tarehe 26 Januari 1936 Al Gordon, mmoja wa madereva waliopendwa sana, alipinduka pamoja na fundi wake Spider Matlock aliyekuwa ameketi ubavuni mwake, kama ulivyokuwa mtindo wa baadhi ya mbio. Wote wawili walikufa. Magari hayakushindana tena pale. Mwaka huohuo majukwaa yakaungua. Leo pana nyumba za watu na shule ya msingi.

Na kuna mtu mmoja ambaye hakupata nafasi hata ya kufa Ascot. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Dewey Gatson, lakini viwanjani alijulikana kama Rajo Jack, kwa sababu aliuza vipuri vya injini vya kampuni ya Rajo. Alikuwa Mmarekani mweusi. Chama kilichosimamia mbio kubwa za nchi wakati ule, zikiwemo za Indianapolis, hakikuwakaribisha watu weusi, basi miaka ya ujana wake Rajo Jack aliimalizia katika mbio za vichochoroni, zile ambazo wenye mamlaka waliziita za wahuni. Mara nyingine alijitambulisha kuwa si mtu mweusi, bali Mhindi Mwekundu au Mreno, ili tu aruhusiwe kuwasha gari. Kusini ya jiji, katika mji wa South Gate, kulikuwa na kiwanja kingine kilichochukua jina la Ascot. Hapo alikimbia na alishinda. Alifariki mwaka 1956.

Mimi ndiyo maana siwezi kuzungumzia viwanja hivi kama mtu anayezungumzia uzio na majukwaa tu. Mbio za Indianapolis zina vitabu, zina kumbukumbu za kila mzunguko. Mbio za wahuni za South Gate hazikuandikwa hivyo. Mashahidi wake walikuwa wale waliokaa kwenye mabenchi, na kiwanja chenyewe ambacho mtu angeweza kukionyesha kwa kidole na kusema: hapa. Kiwanja kimekwenda, na wazee wa mabenchi wamekwenda.

Gilmore ni hadithi ya namna nyingine. Mzee Gilmore alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Akachimba kisima apate maji ya mifugo, yakatoka mafuta. Mwanawe, Earl, aliyeendesha biashara ya kuuza petroli, akajenga uwanja mwaka 1934 wa kuingiza watazamaji 18,000, kwa ajili ya vigari vidogo ambavyo vilionekana kama vya kuchezea watoto na vilikwenda kama nyuki. Uwanja huo ulipendwa mno. Hata Rais Harry Truman alihutubia hapo mwaka 1948 alipokuwa akitafuta kura. Lakini ulikaa katikati ya jiji lililokuwa linanenepa, na kampuni ya televisheni ya CBS ilikuwa inatafuta mahali pa kujenga studio. Studio zikafunguliwa mwaka 1952. Waliokuwa wakitoka nyumbani kwenda Gilmore sasa wangeweza kukaa sebuleni, na picha ikawajia kutoka palepale.

Ile Ascot ya tatu ninayoijua, Ascot Park ya Gardena, ilijengwa juu ya jalala la zamani mwaka 1957. Aliyeipa umaarufu ni J.C. Agajanian, mtoto wa wahamiaji wa Kiarmenia waliojipatia riziki kwa kufuga nguruwe na kuzoa taka, mtu wa kofia pana ya wachunga ng'ombe. Magari yake yalishinda Indianapolis mara mbili, mwaka 1952 na 1963. Lakini Ascot ndiyo iliyokuwa nyumbani. Tangazo lake la redioni lilijivunia kwamba kiwanja kipo pale zinapokutana barabara kuu tatu. Maskini, hawakujua kwamba wanamtangazia mnunuzi! Ardhi iliyo karibu na barabara kuu tatu haiachiwi wapenda mbio milele. Agajanian alifariki mwaka 1984, wanawe wakaendelea, na mkataba ulipokwisha haukurudiwa. Mbio za mwisho zilikuwa usiku wa sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, Novemba 1990. Mipango ya majengo makubwa iliyosababisha kifo hicho haikutimia. Baadaye eneo likawa mahali pa kunadia magari yaliyopata ajali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kila kitu ni ulafi wa matajiri. Ni kweli bei ya ardhi ndiyo iliyoua, lakini nani aliyeipandisha? Kiwanja cha mbio hujengwa mbali, ardhi ikiwa rahisi, maana hakuna anayetaka kelele. Kikishajengwa huleta barabara, maji, umeme na watu elfu kumi kila Jumamosi ambao wanaona kwamba kumbe mahali hapa si mbali sana. Baada ya miaka 20 kiwanja kimezungukwa na nyumba, na mwenye nyumba analalamika kwamba halali. Husemwa kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Hapa jogoo halikuhama, mji ndio uliolifuata shambani na kuliambia linyamaze.

Riverside ni mfano. Mwaka 1957, mashariki kabisa ya Los Angeles, palikuwa na nyika. Wakachora barabara ya mbio yenye kona za kila aina, kupanda na kushuka. Mwaka 1960 mbio za dunia za Marekani zilifanyika hapo, Mwingereza Stirling Moss akashinda. Dan Gurney, aliyehamia Riverside na familia yake akiwa kijana, alishinda hapo mara tano mbio za magari ya kawaida yaliyoongezwa nguvu. Ken Miles, yule ambaye habari zake zilitengenezewa sinema mwaka 2019, alifia hapo mwaka 1966 akijaribu gari la Ford. Kisha zikaja nyumba. Mwaka 1984 jirani zake walikuwa wengi kiasi cha kuanzisha mji wao, Moreno Valley. Mwaka 1989 kiwanja kikafungwa, na mwaka 1992 pakafunguliwa jumba kubwa la maduka.

Ontario, nayo ya upande huohuo, ilikufa kwa deni. Waliojenga walitaka Indianapolis ya pili, mzunguko wa kilomita nne, viti vya kifahari, gharama zaidi ya dola milioni 25 zilizopatikana kwa hati za mkopo. Mwaka 1970, siku ya mbio kubwa za kwanza, walitangaza watazamaji zaidi ya 170,000. Mwaka 1974 vijana wengi kuliko hao walijaa humo kusikiliza muziki wa roki. Lakini siku moja kubwa kwa mwaka hailipi mkopo wa siku 365. Mwaka 1980 kampuni ya ardhi iliyo chini ya Chevron ikachukua eneo lote, na mwaka uliofuata yakaanza kubomolewa majukwaa ambayo saruji yake ilikuwa bado changa. Ukienda leo utakuta ukumbi wa michezo, maduka na nyumba, na vijia vyenye majina ya Ferrari, Mercedes na Duesenberg.

Mwaka 1997 wakajaribu tena, kilomita chache kutoka hapo, katika mji wa Fontana, mahali palipokuwa na kiwanda cha chuma cha Kaiser. Safari hii walidhani wamepata dawa: ardhi iliyochafuliwa na viwanda, nani ataililia? Haikupita miaka 30. Mji ule umekuwa njia panda ya mizigo inayotoka bandari za Los Angeles na Long Beach, na kila ekari inatafutwa kwa maghala. Mbio za mwisho katika mzunguko ule mkubwa zilikuwa Februari 2023, na mwaka huohuo sehemu kubwa ya ardhi ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 500.

Kikabaki kile cha Irwindale, kilichofunguliwa mwaka 1999 kando ya mashimo ya kokoto. Kokoto za Irwindale ndizo zilizojenga sehemu kubwa ya barabara kuu za Los Angeles, zile zile zilizofanya ardhi ya viwanja vyote hivi ipande bei. Tarehe 21 Desemba 2024 madereva wa mtaani, mafundi na watoto wao walizunguka hapo kwa mara ya mwisho. Mwenye eneo ana mipango ya majengo ya viwanda.