Fahamu: Tangi la maji linalosaka maada giza

Kimondo cha Mbozi, hapo jirani na Mbeya, unaweza kukigusa na kupiga nacho selfi. Lakini takriban asilimia 85 ya maada yote ya ulimwengu haionekani wala haishikiki. Wanasayansi wanaiita maada giza.

Walijuaje ipo?
Nyota za pembezoni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi sana. Mvutano wa vitu tunavyoviona peke yake usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Lazima kuna kitu kingine kinachozishikilia.

Maji yanaingiaje hapo?
Japan kuna mtambo unaoitwa Super-Kamiokande, ulioanza kazi 1996. Ni tangi lenye tani 50,000 za maji. Ukitaka kulijaza kwa maboza ya lita 10,000, andaa maboza 5,000!

Liko mgodini, mita 1,000 chini ya mlima. Kwa nini huko? Sasa hivi, chembe zinazotokana na mionzi ya anga za juu zinapita kwenye kiganja chako. Aliye Mwanjelwa au Iringa mjini, kwenye mwinuko, anapitiwa na nyingi kuliko aliye Kariakoo. Mwamba unazuia sehemu kubwa ya hizo, kelele zinapungua.

Linafanyaje kazi?
Chembe yenye chaji ikipita majini kwa kasi kuliko mwanga unavyosafiri majini, inatoa mwanga wa bluu. Vihisi zaidi ya 11,000 ukutani vinaunasa na kuonyesha chembe imetokea upande gani.

Wazo ni hili: maada giza ikijikusanya ndani ya Jua au katikati ya galaksi, chembe zake huenda zinagongana na kuzaa nyutrino. Zikija nyingi kupita kawaida kutoka upande huo, hiyo ni dalili.

Wamepata?
Bado. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya msako wa aina ya ajabu zaidi, maada giza inayokimbia kwa kasi kubwa. Hawakuona ziada yoyote.

Si kazi bure. Ukipotelewa na ng'ombe, bonde ulilolimaliza hulirudii tena. Sasa Japan wanajenga tangi jingine, Hyper-Kamiokande, la karibu tani 260,000. Msako unaendelea.